Mleta uzi, iache hiyo tableti dukani

Mkuu usinunue, salamu baadaye. Nimesoma mtoto ana miezi saba na unatafuta tableti ya kumwekea video za Kichina na Kiingereza "azoee sauti mapema" wakati dada anafanya kazi zake, nikasema huyu anaenda kupigwa palepale nilipopigwa mimi.

Mimi niliuziwa na jamaa mmoja wa grupu la WhatsApp, flashi imejaa masomo ya Kichina ya vichanga, laki na ushee, na PDF juu. PDF ina picha ya ubongo, ina mishale, ina jina la mtafiti Patricia Kuhl wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, kwamba mtoto mchanga anatofautisha sauti za lugha za watu wote, halafu akikaribia mwaka sikio linaegemea za kwao. Na hilo ni kweli, ndo linaloniudhi! Walipima watoto wa Kijapani na wa Kimarekani kwa r na l, miezi 6 mpaka 8 walikuwa sawa, kufika 10 mpaka 12 Wamarekani wamepanda, Wajapani wameshuka. (Kuna mikoa yetu ningependa waje wapime hiyo r na l ila tusitukanane.) Nikahesabu miezi ya mwanangu, presha ikapanda, nikatuma hela.

Alichokificha yule tapeli ni kwamba Kuhl huyohuyo aliwapima na watoto wa video. 2003, watoto wa Kimarekani wa miezi 9, wengine wakaletewa Wachina wa kukaa nao, kuwasomea vitabu na kucheza nao midoli, mara 12, dakika 25 kila mara. Wengine wakaonyeshwa Wachina kwenye video, wengine wakasikilizishwa sauti tu. Kisha mtihani: sauti moja inajirudia, ikibadilika mtoto akigeuza kichwa mdoli unawaka. Waliokaa na watu wakafanya kama watoto wa Taiwan waliozaliwa humohumo kwenye Kichina. Wa video wakafanya sawa na wasiowahi kusikia Kichina. Sifuri mkuu, yani sifuri ya yai!

Ila hela nimeshaisamehe. Kinachoniuma ni mama yangu mzazi. Alikuwa ametoka Lushoto kuja kutusaidia, na yeye akimshika mjukuu ni maneno kuanzia alfajiri, "eeeh mume wangu umeamkaaa, uji uko wapiii", sauti ya juu, ya kuvutavuta. Mimi na diploma yangu nikamwambia mama, somo likiwa linaendelea tusiongee, tutamchanganya. Basi anakaa pembeni kwenye mkeka, mtoto anamgeukia, "ba-ba-ba", anatulia anasubiri ajibiwe, bibi ananitazama mimi kwanza, halafu anaweka kidole mdomoni, shiii. Mtoto anarudi kuangalia panda anayeruka kamba kwenye skrini. Na panda hajibu, panda anaendelea na yake.

Kuja kusoma mwenyewe baadaye, kumbe hata ile ya kuvutavuta ilishapimwa, 1997, kina mama wa Marekani, Urusi na Sweden, wote wakiongea na vichanga wanazitanua irabu zikae mbalimbali zisikike vizuri. Nilikuwa nimemziba mdomo mwalimu aliyejileta kwa basi, nauli kajilipia mwenyewe.

Najua kuna mjuaji atakuja na utafiti wa 2018, kwamba kwenye skrini wapo walioonyesha dalili za kujifunza. Ndiyo, walipokaa na mtoto mwenzao! Bado ni mtu huyo.

Kwa hiyo mimi ninayo moja tu na nitaisema mpaka modi anifungie: asiyemjibu mtoto hamfundishi mtoto. Unataka Kichina? Kariakoo Wachina wapo, fanya urafiki na mmoja mwenye familia, aje nyumbani ale pilau acheze na mtoto. Huna Mchina, basi ongea wewe, Kiswahili chako hichohicho, akisema "ba" nawe sema kitu. Na huyo dada umwambie aongee naye hata akiwa anaosha vyombo, na umwongezee mshahara kwa kiasi ulichotaka kununulia tableti.

Uliuliza inchi ngapi zinamfaa na kitu gani tena kuhusu kuchanganya lugha mbili, hilo la lugha wengine watakujibu, mimi hasira zimeshapanda. Inchi ni sifuri.