Wavu wa Dover umekatika? Usitupe vipande

Unasema jiko la Dover, lile la chuma, mliloachiwa na babu limekatika wavu wa ndani unaobeba moto, mlango umelegea, na kila duka unaloingia unaambiwa vipuri vyake havipo tena. Pole sana, najua baridi ya Molo mwezi wa saba. La mama yangu liko hapa Limuru na linapika mpaka leo, kwa hiyo nisikilize kabla hujaliuza kwa wa vyuma chakavu.

Vile vipande vya wavu ndivyo kipuri chenyewe. Fundi wa kalibu, yule anayeyeyusha chuma na kukimimina kwenye umbo la mchanga, anataka sampuli tu ya kupigia chapa kwenye mchanga huo. Vyangu vilikuwa vitatu. Niliviunganisha kwa puti ya magari, nikajazia palipoliwa na moto, nikapiga msasa, nikapeleka kwa mafundi wa Kariobangi Light Industries, Nairobi. Fundi aliuzika ule wavu kwenye mchanga mweusi wenye unyevu, akaushindilia kwa mti, kisha akatenganisha polepole fremu mbili zinazoshika mchanga na kuuchomoa. Kila ufito ulikuwa umeacha alama yake. Chuma alichoyeyusha na kumimina humo kilitoka kwenye ngoma za breki za lori, maana nazo ni chuma cha kusubu, yaani cha kumiminwa, kama Dover yenyewe.

Angalia vipimo. Chuma hicho hunywea kikipoa, karibu asilimia 1, hivyo wavu wa sentimita 40 utapungua kama milimita 4. Kwa wavu ni sawa, hata afadhali, kwa sababu ukipata moto unatanuka na ukibanwa utapinda au upasue ukuta wa jiko. Ila kama unatengeneza zile pete za juu zinazofunika tundu la kupikia, mwambie fundi aongeze ukubwa wa sampuli kwanza, la sivyo pete itatumbukia ndani.

Usikubali kuchomelewa ovyo. Mimi nilikubali. Fundi mmoja alitumia fito za kuchomelea za kawaida, na wiki ya pili tukasikia "ta!" usiku: wavu umekatika tena, kando kidogo ya mshono. Chuma cha kusubu hupashwa moto kwanza, huchomelewa kwa fito za nikeli, kisha huachwa kipoe taratibu. Wavu wa nondo nao niliujaribu. Ulibonyea katikati kama kitanda cha kamba.

Mlango usikutishe. Mara nyingi ni pini ya bawaba iliyolika, na bolti ya unene uleule inatosha. Bomba la moshi watakukunjia mafundi wa bati wa Kamukunji, Nairobi, ila sisitiza bati jeusi. Bati lenye zinki likipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu, na jikoni wanakaa watoto.

Tena mwulize anayepika: majivu yanamwagwa lini? Yakijaa mpaka yaguse wavu, hewa ya kuupoza kutoka chini haipiti, unabaki mwekundu saa nzima, na hapo ndipo unapoungua. Kwetu sasa tunamwaga kila asubuhi kabla ya chai.

Wavu mpya uwashie moto mdogo siku mbili tatu za kwanza. Ule wa zamani uliojaa puti ufunge kwenye gunia. Wetu umening'inia nyuma ya mlango wa jikoni, na mama hataki mtu auguse, kwa sababu huu mpya nao ukikatika, ule wa zamani ndio utakaorudi Kariobangi kuwa sampuli.