Sentensi inayoanza na "-ing": simama kwenye koma, uliza nani

Ndugu, sentensi yako iliyopigwa kalamu nyekundu, "Arriving late at Kencom, the bus had already left", haina kosa la msamiati wala la nyakati. Shida ni kwamba inasema basi ndilo lililochelewa kufika. Mimi huhariri ripoti na tasnifu hapa Nairobi, na kosa hili nakutana nalo hata kwa wahadhiri.

Nadhani Kiswahili kimetudekeza. Ukisema "nilipofika Kencom nimechelewa, basi lilikuwa limeshaondoka", ile "ni-" imeshamtaja aliyechelewa. "Arriving" haina kiambishi cha nafsi, kwa hiyo hudandia nomino ya kwanza inayoikuta baada ya koma. Ndiyo maana nakwambia ukifika kwenye koma usimame, ujiulize: nani? Huyo ndiye aanze: "Arriving late at Kencom, I found the bus had left." Au mtaje mapema: "When I arrived late at Kencom, the bus had left."

Kwenye tasnifu, mchawi ni kauli ya kutendwa. "After interviewing traders in Gikomba, the data was analysed." Haya, data ilishuka Gikomba ikahoji watu? Andika "we analysed the data", mambo yaishe.

Kuna na maelezo yaliyokaa mbali na nomino yake: "He handed the phone to the conductor with a cracked screen." Kwetu, "alimpa kondakta simu iliyopasuka kioo" haina utata, maana kondakta angekuwa "aliyepasuka". Kiingereza hakina ngeli za kuunganisha hivyo. Kinategemea mahali neno lilipokaa. Basi sogeza: "He handed the phone with a cracked screen to the conductor."

"Only" usijitese nayo katika mazungumzo. Lakini kwenye katiba ya chama, "Members may only borrow on Fridays" itamfaa mjanja: atadai Ijumaa ni siku ya kukopa tu, kulipa hakumo. "Members may borrow only on Fridays" inamfungia mlango.

Ila usivuke mpaka ukaanza kusahihisha kila kitu. "Considering the traffic on Thika Road, we made good time" ni sawa kabisa, na hata "Considering the traffic, the trip was short" ni sawa, ingawa safari haifikirii chochote. Kamusi zinaihesabu "considering" kuwa kihusishi (preposition), kwa hiyo haihitaji mtendaji baada ya koma. Mwalimu akiizungushia hiyo, mfungulie ukurasa.