Maswali na Majibu: Stendi ya Kompyuta Ndani ya Mkonga

Maswali ya safari hii yote yanahusu jambo moja, yaani kompyuta mpakato ndani ya gari la porini, kama Land Cruiser ambayo watu huiita mkonga. Wanaouliza ni watafiti, wapima ardhi, watu wa maji na waongozaji watalii, watu ambao kompyuta yao iko kazini wakati gari linatembea. Nimefurahi, kwa sababu nimeona kompyuta nzuri nyingi zikifia mapajani mwa watu.

*Shikamoo fundi. Niko Karatu, kwenye mradi wa kufuatilia wanyama wenye kola. Msaidizi wangu hukaa siti ya mbele ya abiria, kompyuta mapajani, ramani ikiwa wazi. Gari ni la mradi, Land Cruiser mkonga, na meneja amekataa kabisa bodi kutobolewa. Nitafungaje stendi ambayo wageni wakija naitoa?*

Marahaba. Meneja wako yuko sahihi, tena mshukuru. Chini ya sakafu hupita mabomba ya mafuta, mabomba ya breki na mafungu ya waya, na kila tundu jipya ni mlango wa kutu. Huna haja ya kutoboa. Gari tayari lina sehemu imara kuliko utakayoitengeneza wewe: boliti zinazoshika siti. Kiwanda kimeziweka hapo zimzuie mtu mzima gari linapogonga, kwa hiyo kompyuta ya kilo mbili hazitaihisi.

Chukua flati baa ya upana wa milimita 50 na unene wa milimita 6, ivuke sakafu kutoka boliti moja ya mbele ya siti hadi ya pili. Pima kwanza kwa boksi: kata umbo, lilaze sakafuni, weka alama za matundu, ndipo uende kwa fundi wa kuchomelea. Kazi ya moto ifanyike mezani, si ndani ya gari. Flati baa ikae juu ya mguu wa siti, chini ya kichwa cha boliti. Ikilazimika kuingia chini ya mguu, miguu yote minne inuliwe sawa kwa vipande vya chuma vya unene uleule, la sivyo reli za siti zitajipinda na siti itagoma kusogea.

Sasa boliti. Umeongeza milimita 6 za chuma, kwa hiyo boliti ya zamani itashika nyuzi chache kuliko inavyotakiwa. Nunua ndefu zaidi, yenye alama ya uimara ya 8.8 au zaidi kichwani. Usiinunue kwa kukadiria kwa macho: toa moja uende nayo dukani. Magari mengi ya Kijapani yana boliti za milimita 10 zenye nyuzi za hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.25, na duka la mtaani mara nyingi lina za 1.5. Ukilazimisha, itaingia mizunguko miwili mitatu kisha itang'oa nyuzi za gari. Na boliti ya mkanda wa usalama usiiguse kabisa. Ile ina kazi moja tu maishani.

Juu ya flati baa, upande wa ndani karibu na gia, mchomeleaji asimamishe kipande cha skwea paipu ya 30 kwa 30, unene wa milimita 2, kimo cha sentimita 15 hivi. Ndani yake itaingia nguzo ya 25 kwa 25. Ukipiga hesabu, tundu la ndani ni milimita 26, yaani nguzo inabaki na nafasi ya milimita moja. Hiyo milimita ndiyo itakayokupigia kelele njia nzima hadi Naabi, lango la Serengeti, usipoishughulikia, na dawa yake ni hii: chomelea nati mbili za milimita 8 kwenye bomba la nje, si upande mmoja bali kwenye nyuso mbili zinazopakana, kisha toboa kupitia kila nati. Boliti mbili zikiingia hapo huisukuma nguzo ikajibana kwenye kona ya upande wa pili, nayo hutulia tuli. Zichomelee vipande vya nondo viwe mipini, uzifunge kwa mkono bila spana. Ongeza pini ya kupita katikati, ili hata boliti zikilegea nguzo isiruke.

Kabla ya rangi, jaribu. Ingiza gia zote, sogeza mkono wa 4x4 pande zote, vuta handbreki, isogeze siti mbele na nyuma hadi mwisho. Kitu chochote kikigusa, rudi kwa mchomeleaji siku hiyohiyo. Wageni wakija unavuta pini, unalegeza boliti mbili, unaichomoa nguzo. Kinachobaki sakafuni hakifiki hata goti.

*Fundi, stendi yangu imefungwa vizuri kabisa chini, boliti hazijalegea, lakini juu inatetemeka hadi herufi hazisomeki. Ni barabara ya vumbi tu, si mashimo. Tatizo nini?*

Urefu. Barabara ya vumbi iliyopitwa na magari mengi hujikunja kama bati, na kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni kama nusu mita hadi mita moja. Ukienda kilomita 40 kwa saa unapita mita 11 kwa sekunde, kwa hiyo gari linapigwa mara 11 hadi 22 kila sekunde. Stendi nayo ina mtikisiko wake wa asili. Viwili hivyo vikikutana, kila pigo linaliongezea lililotangulia, na ndiyo maana ukibadilisha mwendo kidogo unaona imetulia au imezidi.

Usiongeze unene wa chuma kwanza. Fupisha. Nguzo ikikatwa nusu, ugumu wake dhidi ya kupinda huongezeka mara nane. Hata kuishusha kutoka sentimita 40 hadi 30 kunaipa ugumu zaidi ya mara mbili. Meza ya kompyuta ikae chini kiasi msaidizi anachoweza kuvumilia, na nguzo isimame moja kwa moja chini ya kitovu cha meza. Mkono unaojitokeza pembeni kwa madaha ndio unaoharibu kila kitu.

Isipowezekana kufupisha, ongeza mguu wa pili: fimbo ya chuma kutoka chini ya meza kwenda kuegemea ubavu wa kisanduku cha katikati, ncha yake ikiwa na kipande cha mpira. Pembetatu haipindi kirahisi. Ila mpira usiuweke chini ya flati baa ukidhani unazuia mtikisiko. Ulaini ulioko chini ya nguzo huongezeka ukifika juu. Mpira mahali pake ni kati ya meza na kompyuta.

*Je, vile vishikio vya mpira wa kunyonya kwenye kioo au dashibodi vinatosha? Au mkono wa ofisini wa kushikilia skrini?*

Kwa simu, sawa. Kwa kompyuta, hapana, vyote viwili. Mpira wa kunyonya huachia joto likipanda na vumbi likiingia pembezoni, na dashibodi ni plastiki isiyobeba kitu. Mkono wa ofisini una springi iliyopimwa kwa uzito uliotulia, na njiani uzito hautulii. Kitu kimoja tu cha ofisini unaweza kukiazima, vipimo vyake: ukitoboa bamba la juu matundu manne yaliyopangwa mraba wa milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100, ya skrubu za milimita 4, vishikio vingi vya dukani vitaingia bila shida. Ukinunua vishikio vya mpira wa duara vya kampuni ya RAM, chukua duara la inchi moja na nusu. La inchi moja liachie simu na GPS.

*Habari fundi. Niko Nanyuki. Jamaa wa jua kali amenipa bei ya meza ya alumini na imenishtua. Nikitumia mbao nitaonekana mshamba?*

Njema. Tumia mbao bila kuona haya, mradi iwe plaiwudi ngumu ya milimita 12, ile marine bodi wanayofungia zege. Plaiwudi hunyonya mtikisiko vizuri kuliko alumini nyembamba, ambayo hulia na hatimaye hupasuka kwenye kona za matundu. Ikate pana kuliko kompyuta sentimita mbili kila upande, pigilia ukingo mdogo pembeni, tandika kipande cha tyubu ya baiskeli juu. Chini ya kompyuta acha uwazi mkubwa mahali feni inapovutia hewa. Geuza kompyuta uangalie zilipo tundu zake kabla hujakata.

*Mimi natumia Prado, ina mifuko ya hewa ya usalama mbele. Mke wangu anasema stendi ni hatari. Ni kweli?*

Msikilize. Mfuko wa hewa hufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, mtu hawezi hata kupepesa jicho, na chochote kilicho mbele yake kinageuka kombora kuelekea kwa aliyekaa. Kwa hiyo hakuna sehemu ya stendi inayoruhusiwa kuwa kati ya dashibodi ya abiria na kifua cha abiria. Iegemeze katikati ya gari, chini ya usawa wa dashibodi. Kama haiwezekani, ifunge kwa ajili ya siti ya nyuma.

Na gari lisilo na mifuko ya hewa lisikupe faraja. Gari likiwa kilomita 50 kwa saa likasimamishwa na mti ndani ya sentimita 60, kila kitu kinavutwa mbele kwa nguvu ya takriban mara 16 ya uzito wake. Kompyuta ya kilo mbili inakuwa na nguvu ya kilo 32, yenye kona za chuma. Ukingo wa meza na velkro havitaizuia. Pitisha mkanda wa nailoni wa milimita 25 wenye kifungio cha chuma, uzunguke kompyuta na meza kwa pamoja, upite karibu na bawaba usizibe kibodi. Dereva asiisome akiendesha, na skrini isigeuzwe upande wake. Kazi hiyo ni ya aliyekaa pembeni.

Nikiwa hapo hapo: skrini iliyo wazi ina bawaba mbili ndogo tu, na kwenye barabara mbaya ndizo zinazotangulia kufa. Weka egemeo nyuma ya skrini, kipande cha flati baa nyembamba chenye sponji. Bila egemeo, funga skrini mkisafiri na uifungue mkisimama.

*Nimetumia inveta ya tundu la sigara, inalia na kuzima. Nipate wapi umeme wa uhakika?*

Achana na inveta. Inachukua volti 12 za betri, inazipandisha hadi 230, kisha chaja yako inazishusha tena hadi 19 au 20. Kila hatua inakula umeme na kutoa joto. Tafuta chaja ya gari inayotoa moja kwa moja kile kompyuta inachotaka. Soma kibandiko cha chaja yako ya nyumbani: kikisema volti 20, ampea 3.25, hiyo ni wati 65, na kama kompyuta inachaji kwa USB-C, chaja ya gari ya wati 65 yenye mfumo wa PD (Power Delivery, wa kuchaji vifaa vikubwa kwa USB-C) inatosha.

Wati 65 ukijumlisha upotevu ni kama ampea 6 kutoka kwenye betri. Vuta waya wake mwenyewe, usitegemee tundu la sigara ambalo springi zake hulegea gari likirukaruka. Kwa umbali wa mita nne, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 unapoteza takriban theluthi ya volti moja kwenda na kurudi. Waya wa milimita 1 ya mraba unapoteza karibu volti moja nzima, na hapo ndipo chaja inaanza kuzima. Fyuzi ya ampea 10 ikae jirani kabisa na betri, kwa sababu inalinda waya, na waya unaanzia pale. Upitishe kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, inayofuata ufunguo, usije ukaamka porini betri imekauka. Chomeka kompyuta baada ya injini kuwaka.

Na pima kwa mita kabla ya kununua chochote. Betri mbili chini ya boneti huenda zimeunganishwa kutoa volti 24, na chaja ya 12 peke yake itaungua papo hapo.

*Huku Lodwar joto na vumbi vimeua kompyuta mbili za ofisi yetu. Stendi itasaidia?*

Itasaidia kiasi, kwa kuwa kompyuta iliyo juu ya meza inapumua na ya mapajani haipumui. Lakini kompyuta nyingi za kawaida zimetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi 35 za hewa inayoizunguka, na kwenu mchana hiyo hufika kirahisi. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, na betri yake isichajiwe ikiwa ya moto kuunguza kiganja. Kama bado ina diski inayozunguka, ibadilishe uweke SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, kabla hujanunua hata boliti moja ya stendi. Diski ile ina kichwa kinachoelea juu ya sahani kwa umbali usioonekana kwa jicho, na barabara ya mawimbi inakigonganisha nayo. Feni ipulizwe vumbi kila mwisho wa safari, ukiishika kwa kijiti isizunguke ovyo.

*Nikaze boliti kila baada ya muda gani?*

Mara ya kwanza baada ya kilomita 50 za vumbi, kwa sababu rangi na chuma kipya hukaa sawa hapo. Kisha kila gari linapokwenda sevisi. Juu kwenye meza tumia nati zenye plastiki ndani. Kwenye siti, tia tone la gundi ya nyuzi ya bluu, si nyekundu, maana nyekundu haifunguki bila moto. Ukimaliza kukaza, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye flati baa. Asubuhi ukifungua mlango unaangalia tu: mstari ukiwa umekatika, chukua spana.