Kabla Hujampeleka Mama Grand Canyon kwa Gari-Nyumba

Juzi dada mmoja wa Rongai ameniandikia. Visa yake na ya mamake zimetoka, wanakwenda mahafali ya kaka yake Marekani, na baada ya sherehe angependa kumwonyesha mama Grand Canyon, lile korongo kubwa la jimbo la Arizona. Anauliza: akodi gari-nyumba, yaani yale magari yenye vitanda, jiko na choo ndani, ama walale hoteli kama watu wengine? Nimemjibu kwa ufupi kwamba akodi. Sababu zangu ni ndefu, nazo ndizo hizi.

Mimi nilikwenda na mama yangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Limuru hadi alipostaafu. Magoti yanamsumbua, ana sukari, na chakula cha hoteli hakimkai. Niliposema nampeleka Arizona, ukoo mzima ulinishukia. Mjomba mmoja aliniuliza mbele ya watu, tukiwa harusini: "Unampeleka mama wa watu akaone shimo? Hizo pesa si ungemnunulia ploti Kitengela?" Watu wakacheka. Kicheko kile kinaniuma hadi leo, maana mama alikuwa amekaa pale pale na hakusema neno.

Safari ile iliwezekana kwa sababu ya gari-nyumba. Sindano zake za sukari zilikaa kwenye friji muda wote. Choo kilikuwa hatua chache kutoka kitandani. Akichoka saa nane mchana alilala, bila kuomba ruhusa ya mtu wala kungoja chumba. Unga tuliubeba kwenye sanduku, na madukani kule kuna majani ya collard, ambayo ni jamii moja na sukuma wiki. Mama akapika ugali jangwani, na sukari yake ikatulia kuliko inavyotulia Nairobi.

Kuendesha kusikutishe. Tulichukua gari Las Vegas, na kutoka hapo hadi ukingo wa kusini wa Grand Canyon ni kama kilomita 450. Letu lilikuwa la mita 7 na nusu hivi, karibu urefu wa matatu ya viti 33. Leseni ya kawaida inatosha, na kibali cha kimataifa cha kuendesha unakipata AA Kenya kabla hujaondoka. Utakaa upande wa kulia wa barabara, hilo unalizoea. Linalotaka akili ni mkia: ukikata kona kwenda kushoto, nyuma ya gari inatoka kulia, na kwenye kituo cha mafuta ndipo watu wanapogonga nguzo. Na kwenye barabara kuu ya I-40 upepo unalisukuma gari refu, kwa hiyo punguza mwendo, waache wenye haraka wapite. Mtu aliyezoea malori ya Kinungi ataona barabara zile ni za heshima.

Kabla ya kutoka kwenye yadi, piga video ya gari lote, ndani na nje, juu na chini. Kampuni moja ilinikata pesa za dhamana kwa mkwaruzo ambao gari lilikuwa nao tangu mwanzo, na nilipowatumia video zikarudi. Bila video ningezisahau. Uliza pia kama maili na saa za jenereta zinalipiwa kando, maana bei unayoiona kwanza huwa haina vitu hivyo.

Kuhusu mahali pa kulala, sikiliza vizuri. Lala ndani ya mbuga. Kambi ya Trailer Village, ukingo wa kusini, ina umeme, maji na bomba la maji taka pale unapoegesha. Kambi ya Mather iko jirani, ina miti na utulivu, lakini haina umeme, na gari lisizidi futi 30, yaani mita 9. Mather nafasi hufunguliwa miezi 6 kabla, na huisha haraka. Ukilala nje ya mbuga utafika na umati na kuondoka na umati. Ukilala ndani, alfajiri ni yako. Gari liache limeegeshwa, panda mabasi ya bure ya mbuga. Yana ubao wa kuteremshwa kwa wenye viti vya magurudumu. Kuanzia Machi hadi Novemba, barabara ya Hermit haiingizi magari ya watu binafsi, ni mabasi hayo tu.

Beba sweta. Watu husikia jangwa wakafikiria Garissa. Ukingo wa kusini uko takriban mita 2,100, juu kuliko Nairobi, na usiku wa Aprili maji yanaweza kuganda. Mama wa Limuru hakushtuka. Wageni kutoka pwani walikuwa wanahema, yeye anatembea.

Na alitembea! Kuna njia tambarare ya lami inayofuata ukingo, wanaiita Trail of Time, ambapo kila mita moja ni miaka milioni moja ya dunia. Kando yake wamepanga mawe kufuata umri. Yale ya chini kabisa korongoni yana zaidi ya miaka bilioni 1.7, yale ya juu unayokanyaga yana kama milioni 270. Mama alianza kuhesabu hatua kwa sauti kama yuko darasani, akapumzika kwenye benchi, akaendelea. Watoto wa Kizungu wakamfuata wakihesabu naye. Nilisimama nyuma nikimtazama, nikamkumbuka mjomba.

Halafu akauliza swali ambalo sijasikia mtalii mwingine akiuliza: "Wenyewe wa hapa walienda wapi?" Wapo. Wahavasupai waliishi na kulima humo korongoni, na mbuga ilipoanzishwa 1919 walizidi kubanwa, hadi wa mwisho akatolewa kwenye bustani zao za chini mwaka 1928. Mwaka 1975 walirudishiwa kama hekta 75,000, na 2022 mahali pale paliitwa rasmi Havasupai Gardens. Mama alitikisa kichwa tu. Sisi wa Limuru historia ya ardhi hatuhitaji kufundishwa.

Kushuka hadi mtoni, chini kabisa ya korongo, usijaribu kwenda na kurudi siku moja. Wahudumu wa mbuga wenyewe wanaonya dhidi yake. Juu kuna baridi, chini mtoni wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 38, na kupanda ndiko kunakovunja watu, tena kunakuja mwisho ukiwa umechoka. Shuka kwa muda wa saa moja tu, kisha rudi.

Jambo jingine ni mafuriko, na hapa sisi Wakenya hatuna kisingizio. Septemba 2019 watu saba walikufa kwenye korongo la Hell's Gate, pale pale Naivasha, walipokumbwa na mafuriko ya ghafla. Agosti 1997, kwenye Antelope Canyon karibu na mji wa Page, watalii 11 walikufa kwa mvua iliyonyesha mbali na walipokuwa. Kwa hiyo kwenye makorongo membamba, anga ya juu yako haikuambii chochote. Julai na Agosti ni msimu wa mvua za radi kule. Antelope huingii bila mwongoza watalii wa Kinavajo, wenyeji wa eneo hilo, na akisema leo hatuendi, usibishane naye.

Tunaoishi Nairobi tuko tayari kuchanga kwenye WhatsApp mzazi akilazwa, na tunachanga zaidi akifa, tunakodi mabasi na hema. Ukisema unataka kumpeleka kutembea akiwa mzima, unaitwa mbadhirifu. Mimi nakataa. Ploti ya Kitengela ingebaki kwa watoto wake. Korongo aliliona yeye, kwa macho yake, akiwa anaweza kusimama. Mzazi wako si akiba ya mazishi. Mpeleke, hata kama ni Hell's Gate kwa gari la kukodi Jumamosi.

Kwa hiyo, dada wa Rongai: tangu Januari 2026 wageni wasioishi Marekani wa miaka 16 na zaidi wanalipa dola 100 kila mmoja juu ya kiingilio, kwenye mbuga 11, Grand Canyon ikiwemo. Pasi ya mwaka kwa mgeni ni dola 250, basi kama mtaongeza mbuga za Zion na Bryce piga hesabu kwanza. Weka nafasi ya Trailer Village kabla hujalipia ndege ya Las Vegas. Na kama mama yako anatumia sindano, mwombe daktari barua ya Kiingereza wiki hii, uiweke kwenye mkoba wa mkononi pamoja na dawa.