Kiini cha programu ya terminali: kitufe kiite jina la amri, kisiite kazi

Mkuu, umeuliza jinsi ya kupanga kiini (sehemu ya kati inayoendesha nyingine zote) cha programu ya terminali yenye moduli tatu, yaani stoo, mauzo na ripoti, ili ya nne ikija usizifumue za mwanzo. Kwa maelezo yako, kila ukurasa unasoma kibodi wenyewe na kuchora skrini wenyewe. Ugonjwa uko hapo. Kibodi isomwe mahali pamoja tu, na skrini iandikwe na mkono mmoja tu. Moduli ipewe tukio na eneo la kuchora, basi.

Jambo la kwanza ni amri. Usiandike "akibonyeza d, futa bidhaa". Moduli ya stoo ijiandikishe kwa kiini na amri yenye jina, mfano stoo.futa, pamoja na maelezo ya mstari mmoja, sharti la lini inaruhusiwa, na kazi yenyewe (function). Vitufe vikae kwenye jedwali lao pembeni: d ni stoo.futa, Ctrl-Q ni programu.toka. Ukifanya hivyo, ukurasa wa msaada unajitengeneza wenyewe kutoka kwenye jedwali, mtumiaji anabadilisha vitufe kwa faili la mipangilio, na majaribio yanaita amri bila kugusa kibodi.

Kitufe kikibonyezwa, tafuta mmiliki wake kuanzia juu kwenda chini: dirisha dogo lililo mbele, kisanduku chenye fokasi (anachoandikia mtumiaji kwa sasa), moduli, kisha programu nzima. Wa kwanza kukipokea anakimaliza. Mambo mawili huwaponza wengi hapa. Kisanduku cha maandishi lazima kimeze herufi zote za kawaida kabla hazijafika chini, la sivyo ukiandika jina la mteja anayeitwa Siddiq, d ya kwanza tu inafuta bidhaa. Na dirisha la "Una uhakika?" lisipitishe chochote chini yake, kwani Enter ikivuja humo, orodha iliyo nyuma nayo inaitikia.

Ukitaka mfuatano wa vitufe kama gg, g pekee isiwe amri. g ikiwa ni amri na pia mwanzo wa mfuatano, programu italazimika kusubiri kila mara, na mtumiaji ataona ni nzito. Moduli mbili zikigombea kitufe kimoja katika ngazi moja, programu igome kuwaka na itaje majina ya zote mbili. Usiache ya mwisho ishinde kimyakimya.

Sasa tushuke kwenye baiti. Terminali haitumi vitufe, inatuma baiti. Mshale wa juu ni baiti tatu: 27 91 65. Terminali ikiwa katika hali nyingine, mshale huohuo unakuja 27 79 65, kwa hiyo msomaji wako azitambue zote mbili. Esc yenyewe ni 27 peke yake. Ukiisoma 27 hujui kama ni Esc au ni kichwa cha mshale, hivyo subiri kidogo, milisekunde 25 hadi 50, kisha uamue. Maktaba ya ncurses, ya kuchora skrini za terminali, kwa kawaida husubiri milisekunde 1000, ndiyo maana Esc huchelewa kwenye programu nyingi. Ipunguze kwa mpangilio wa ESCDELAY. Kwenye SSH (kuingia kompyuta ya mbali) yenye mtandao dhaifu baiti zinaweza kufika vipande vipande, kwa hiyo mabaki yatunzwe hadi usomaji unaofuata, na herufi za UTF-8, ambazo moja yaweza kuwa baiti kadhaa, zikikatika katikati vilevile.

Katika usimbaji wa kawaida, Ctrl-I na Tab ni baiti ileile 9, na Ctrl-M na Enter ni 13. Usizipe amri tofauti. Washa pia alama za kubandika kwa kuiandikia terminali ESC[?2004h (ESC ni ile baiti 27), ili maandishi yaliyobandikwa yaje kama tukio moja. Bila hivyo, mtu akibandika aya nzima nje ya kisanduku, kila herufi inakuwa amri.

Kuwasha kuna mpangilio: hifadhi hali ya sasa ya termios (mipangilio ya terminali kwenye mfumo), ingia hali ghafi ambamo kila baiti inakufikia jinsi ilivyo, fungua skrini mbadala kwa ESC[?1049h, ficha kishale kwa ESC[?25l. Kufunga ni kinyume chake, na lazima kufanyike kwenye kila njia ya kutokea, pamoja na programu inapoanguka. Rejesha terminali kwanza ndipo uchapishe kosa. Katika hali ghafi, mstari mpya haurudi safu ya kwanza, hivyo ujumbe wa kosa unashuka kama ngazi na hausomeki. Vilevile Ctrl-C haiui programu tena, inakuja kama baiti 3, kwa hiyo iangalie kabla ya kitu kingine chochote. Ukiwa bado unaitengeneza programu, ikifa na kuiacha terminali imevurugika, charaza stty sane bila kujali kama unaona herufi zako.

Mzunguko mkuu uwe na foleni moja: vitufe, saa, mabadiliko ya ukubwa na majibu ya kazi za nyuma. Usiguse hifadhidata ndani ya kazi ya kitufe. Ipeleke nyuma, na jibu lirudi kama ujumbe wenye namba ya ombi. Jibu la ombi la zamani litupwe, maana mtu akitafuta "su" kisha "sukari", jibu la "su" likichelewa litafunika lile la kweli. Chora baada ya kumaliza foleni, si baada ya kila tukio, la sivyo akishikilia mshale skrini inaburuzika.

Ishara ya SIGWINCH, inayokuja dirisha likibadilika ukubwa, iweke alama tu, ukubwa uulizwe ndani ya mzunguko. Moduli ikipewa upana wa sifuri isianguke.

Kwa uchoraji, weka bafa mbili (nakala za skrini kwenye kumbukumbu, ya zamani na mpya) za seli, yaani nafasi za herufi mojamoja, linganisha, andika zilizobadilika tu, tena zote kwa mkupuo mmoja. Kufuta skrini nzima kila mara ndiko kunakoleta kumetameta. Upana usipimwe kwa urefu wa neno, kwani emoji nyingi na herufi za Kichina huchukua seli mbili.

Moduli zisiitane. Mauzo itume ujumbe mauzo.imekamilika, stoo iusikilize na kupunguza idadi. Mambo ya kupakia moduli kutoka nje programu ikiwa inaendelea yaache kwa sasa, yana mzigo mkubwa na moduli nne haziyahitaji.

Kwa maktaba: Ratatui ya Rust inakupa bafa na ulinganisho, mzunguko unajiandikia. Bubble Tea ya Go inakupa mzunguko tayari. Textual ya Python ina vitufe na amri zilizotenganishwa tangu mwanzo, na kwa hali yako ningeanzia hapo. Kisha andika ripoti upya kama moduli ya kwanza. Ikikulazimisha kugusa faili la kiini zaidi ya mstari mmoja wa kujiandikisha, rekebisha kiini kabla hujahamisha stoo.