Usisaini kutolewa kizazi kabla hujaambiwa ni milimita ngapi

Dada, weka kalamu chini kwanza. Umesema una miaka 28, hujazaa, kinyama ulichonyofolewa kupimwa kimerudi na majibu ya "saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya awali", na wiki ijayo unatolewa kizazi chote. Umeuliza gharama na chakula cha baada ya upasuaji. Chakula kitasubiri.

Saratani imezama milimita ngapi? Mimi sikuuliza. Karatasi yangu ilikuwa na mstari mmoja tu, neno saratani limepigiwa mstari kwa peni nyekundu, na daktari akaniambia, "Tukichelewa itasambaa." Ukiambiwa hivyo unasaini hata hati ya kuuza shamba la babu. Kizazi kikatoka, ndipo maabara ikapima kilichotolewa: saratani imezama chini ya milimita 3, kwenye mishipa haimo. Hiyo ni IA1, ngazi ya chini kabisa ya saratani hii. Mwanamke wa IA1 anayetaka kuzaa hukatwa kipande cha mlango chenye umbo la pia, na kingo zikitoka safi anabaki kufuatiliwa kliniki. Mfuko wake wa uzazi hauguswi!

Nikarudi na ile karatasi. Daktari yule yule, bila hata kuketi: "Mshukuru Mungu umepona." Namshukuru Mungu. Yeye simshukuru. Mlango una mchwa, fundi kabomoa nyumba, halafu anataka asante. Siku hizi nimekuwa shangazi wa ukoo mzima, Januari ya ada ikifika nazima simu.

Tena hakuwa na haki ya kukata shauri kwa kile kinyama cha kunyofoa. Saratani isiyoonekana kwa macho, kinyama kidogo hakitoshi kupima imezama kiasi gani. Kinatakiwa kile kipande chenye umbo la pia, kipimwe chote. Ripoti lazima itaje kina kwa milimita, kingo kama ni safi, na kama seli zimeingia kwenye mishipa ya damu au limfu. Ikikosa kimoja, hiyo bado si ripoti ya kumtolea mtu kizazi. Uvimbe ukionekana, dai na MRI ya nyonga, ile picha ya kuona ndani ya mwili.

Na hata ikizidi hapo, kama uvimbe haujafika sentimita 2 na tezi za limfu ni safi, kuna trakelektomi: unatolewa mlango, mfuko unabaki, na mara nyingi unashonwa uzi wa kushikilia mimba. Mfaransa Daniel Dargent aliianzisha Lyon miaka ya 1980, kwa hiyo mtu asikwambie ni majaribio. Utajifungua kwa kisu, na hatari ya kuzaa njiti ipo, sikufichi. Wengine haiwafai kabisa: tezi zikishaingiliwa, au seli zikiwa za aina ile kali ya nyuroendokrini, hapo nyamaza utibiwe.

Sisemi ukimbilie mizizi, wala ukae miezi nyumbani. Nasema kesho asubuhi nenda maabara, omba slaidi zako na vile vitalu vya nta vilivyohifadhi kinyama chako, upeleke kwa bingwa wa saratani za wanawake. Bingwa wa uzazi wa kawaida hatoshi kwa hili. Ulizia Ocean Road au Muhimbili wakuelekeze. Daktari wako akinuna, mwache anune, kizazi si chake.

Ukishapata ripoti, ficha jina, uiandike hapa. Anza na mstari wa kina.