Vipele vyenye kitovu: usikimbilie krimu

Kaka yangu ameniruhusu nisimulie. Juni mwaka jana, Mbeya imeshikwa na baridi yake, alikuwa anashinda na boshori limeshuka hadi kwenye nyusi. Nikadhani ni baridi. Siku alipolivua aoge, nikaona paji lote la uso: vipele vidogo, rangi ya ngozi, kila kimoja kimebonyea katikati kama kitovu. Haviwashi, alisema. Dukani walishampa krimu ya mchanganyiko, kamaliza tyubu mbili. Krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi: wekundu unapungua, lakini kama ni fangasi anaendelea kustawi.

ARV, dawa zake za VVU, alikuwa ameziacha tangu aende kulima viazi Uporoto. Nilimsihi turudi CTC, kliniki ya VVU.

Daktari aliangalia vipele, kisha akauliza, "Kichwa kinauma?" Kaka akainama. Wiki nzima kilikuwa kinamuuma usiku, hakuniambia.

Kuna fangasi anaitwa kriptokokasi. Yuko kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, tunamvuta kwa pumzi, wala mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Kinga ikishuka sana, hasa CD4 (hesabu ya seli za kinga) ikiwa chini ya 100, anasambaa na damu hadi ubongoni, na wengine hutokwa vipele. Kwa macho vinafanana mno na vipele vya virusi vya molaskamu, kwa hiyo ombeni kipande cha ngozi kikapimwe. Ombeni pia kipimo cha damu cha kriptokokasi: majibu ni dakika kumi hivi. Ya kaka yalikuwa chanya.

Ikabaki kutoa maji ya uti wa mgongo. Hapo aligoma. Huku kwetu wanasema sindano ile inaua. Ndugu zangu, wengi hufikishwa hospitali wamechelewa, wakifa inalaumiwa sindano. Maji yale ndiyo yanayoonyesha kama ubongo umeguswa, na kuyapunguza hushusha presha ya kichwani. Nilimshika mkono, akakubali. Fangasi alikuwemo.

Akawekewa dawa za fangasi: dripu ya amfoterisini, pamoja na vidonge vya flusaitosini na flukonazo. Alitaka ARV siku hiyohiyo, wakamwambia asubiri wiki 4 hadi 6. Ubongo ukiwa umeshaguswa, kinga ikiamka ghafla inaweza kuuvimbisha zaidi. Kwa hiyo msimpe mgonjwa wenu ARV zilizobaki kabatini kabla daktari hajasema.

Vipele vilinyauka polepole, vikaacha makovu. Flukonazo bado anameza kila siku, na ARV hajaziacha tena. Uporoto amerudi, ila tarehe ya kliniki tumeiandika mlangoni kwa chaki.